Maboksi Yenye Nukta Nyekundu

Mlango wa duka ulikuwa wazi nusu, kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Inspekta aliingia kwa ubavu, jalada likiwa kwapani. Ndani ya jalada lile mlikuwa na karatasi tatu tu, na hizo tatu zilitosha. Saa kumi jioni ya siku hiyo lingekuwa juu ya meza ya mwendesha mashtaka, na kesho yake asubuhi mtunza stoo wa duka hili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Boksi, angesimamishwa kizimbani kwa wizi wa jozi ishirini na saba za viatu. Alikuwa amelala mahabusu usiku mmoja. Dukani alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa.

Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta akipanga vibanio vya nguo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Wafanyakazi walimwita Mama. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita na kumwachia duka, madeni ya shukrani kwa watu wengi, na mwandiko wake kwenye kila rafu.

"Karibu, Afande," alisema Mama. "Nilidhani mmeshamaliza. Mimi nilishasaini."

"Wewe umesaini, Mama. Mimi bado."

Muuzaji, mama wa watoto wawili, alikuwa amepiga magoti akifuta vumbi kwenye rafu ya maonyesho. Walimpa jina la Saizi kwa sababu alikuwa akitaja namba ya mguu wa mteja kabla mteja hajafika kwenye kiti. Aliinua macho, yakaishia kwenye miguu ya Inspekta.

"Afande, samahani. Hicho kiatu kinakuua. Wewe ni thelathini na tisa, umejibana kwenye thelathini na nane."

"Nimekuja kupeleleza, sikuja kupimwa."

"Unaweza kupeleleza huku vidole vinapumua."

"Saizi!" alikemea Mama.

"Mwache," alisema Inspekta. Macho yake pia yalikuwa yameshuka chini. Saizi alikuwa amevaa kiatu cheusi cha ngozi chenye kifungo cha shaba pembeni. Kwenye karatasi ya pili ya jalada, katika orodha ya vilivyoibiwa, namba kumi na nne ilisomeka hivi: cheusi, ngozi, kifungo cha shaba, thelathini na saba.

"Na hicho chako ni kizuri," alisema Inspekta. "Umekipata wapi?"

Kitambaa cha vumbi kilisimama. "Nimenunua tu."

"Hapa?"

"Sehemu."

 Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari, akamgeukia Mama. "Nisimulie tangu mwanzo. Jifanye mimi sijasoma chochote."

Mama alisimulia akiwa amesimama. Juzi mchana aliingia mteja akataka kiatu cha ngozi, arobaini na mbili. Rafu za chini zilikuwa zimeishiwa namba hiyo, Saizi akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa, kule kunakokaa akiba. Akashuka na boksi. Mteja alipolifungua mwenyewe akakuta kiatu kimoja cha kahawia, kilichopauka kwa jua, namba arobaini. Akacheka, akauliza kama siku hizi wanauza viatu kwa mguu. Mzee Boksi alikuwa ametoka kufuata mzigo; Mama alifunga duka, yeye na Saizi wakateremsha rafu yote ya juu. Maboksi ishirini na saba yalikuwa hivyo hivyo: ndani, kiatu kimoja kibovu badala ya jozi mpya.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mzee Boksi peke yake. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, anaondoka nao. Afande, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Ningemshuku nani mwingine? Niwashuku panya?"

"Ulimuuliza?"

Mama alikaza midomo. "Mdogo wangu aliniambia nisimuulize, atapata muda wa kutunga uongo. Niliita polisi."

Stoo ilikuwa chumba kirefu, chembamba, chenye harufu ya ngozi na gundi. Kila rafu ilikuwa na kipande cha ubao kilichoandikwa kwa wino wa bluu: SHULE, NGOZI, WATOTO, MVUA. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala kidogo upande wa kulia. Mama alipopita chini ya ubao wa MVUA aliugusa kwa kidole pasipo kuutazama.

Upande wa pili zilining'inia nguo. Mashati yalitengwa kwa saizi, suruali zikakunjwa sita sita.

"Katika nguo kimepungua nini?"

"Hakuna. Hata soksi."

"Kwa nini?"

"Labda mwizi alipenda viatu."

"Nguo mnazihesabuje?"

"Moja moja. Unashika shati, unataja, unashika lingine."

"Na viatu?"

"Viatu ni boksi. Boksi moja, jozi moja. Tukianza kufungua kila boksi tutahesabu mpaka tuzeeke."

Inspekta alinyanyua boksi moja kutoka rafu ya chini. Pembeni, karibu na lebo, palikuwa na kibandiko kidogo cha mviringo, chekundu.

"Hii nukta ni ya nini?"

Aliyejibu ni Saizi, ambaye alikuwa amewafuata mpaka mlangoni. "Hiyo ina maana mguu mmoja uko nje kwenye maonyesho, Afande. Hatuweki jozi nzima nje, watu wataondoka nayo. Tunatoa mmoja, mwenzake anabaki ndani ya boksi. Ukiliona lina nukta, ukalinyanyua likawa jepesi, hushtuki. Unalihesabu jozi."

"Kwa hiyo kila nukta humu ndani ina kiatu chake kule mbele."

"Lazima."

"Nenda kanihesabie vya mbele. Taratibu."

Saizi alikwenda. Inspekta akavua koti, akapanda ngazi, akaanza kuhesabu nukta, rafu kwa rafu, pamoja na yale maboksi ishirini na saba yaliyopangwa sakafuni. Alihesabu mara mbili. Alipomaliza magoti ya suruali yake yalikuwa meupe kwa vumbi.

"Sitini na vinne!" Saizi aliita kutoka mbele.

"Huku zipo tisini na moja," alisema Inspekta.

Mama alitoa hesabu hiyo kimya kimya, midomo ikicheza. "Ishirini na saba."

"Ndiyo. Mwizi wako hakuacha maboksi matupu, kwa sababu boksi tupu mtu akilinyanyua atajua. Aliweka kiatu kimoja, akabandika nukta, boksi likapata ruhusa ya kuwa jepesi. Huyu anajua mnavyohesabu kama anavyojua jina lake. Ndiyo maana hakugusa nguo."

"Si ndiyo Mzee Boksi huyo! Nani anajua stoo hii kuliko yeye?"

"Pengine," alisema Inspekta, akaketi chini kama mtoto, akaanza kufungua yale maboksi na kutoa kilichomo. Alivipanga viatu vibovu kwa mstari, kimoja baada ya kingine, ncha zikielekea ukutani. Vya kahawia, vya kijivu ambavyo zamani vilikuwa vyeusi, kimoja cha mtoto chenye ua lililonyofoka. Mstari ulipofika mwisho alirudi nyuma akautazama kwa muda mrefu.

"Hivi vibovu vimetoka wapi?"

Mama alionyesha gunia kwenye kona. "Yatima. Kiatu kikikaa sana kwenye maonyesho jua linakipausha, hakifanani tena na mwenzake. Mume wangu hakutaka kutupa. Alikuwa anatia jozi hizo ndani ya gunia, anasema iko siku."

Inspekta alilimwaga gunia sakafuni. Vilitoka viatu arobaini na kimoja. Akavitenga kwa mguu: vya kulia thelathini na vinne, vya kushoto saba.

"Mama, wewe umeuza viatu maisha yako yote. Njoo utazame mstari huu wa ukutani. Unaona nini?"

Mama alitazama. Juzi alikuwa ameviona vyote kwa hasira, na kiatu kibovu kwake kilikuwa kibovu, basi. Sasa aliinama. "Vyote ni vya kushoto."

"Vyote ishirini na saba. Na kwenye gunia wamebaki wenzao wa kulia. Huyu mtu hakuwa anachota tu kinachokuja mkononi. Alikuwa anachambua gunia mpaka apate wa kushoto, kila mara. Saizi! Njoo. Boksi lenye nukta, ndani kunakaa mguu gani?"

"Wa kulia," alisema Saizi papo hapo, kama aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Wa kushoto ndio unakuwa nje."

"Mama?"

"Wa kulia," alisema Mama. Kisha akarudia kwa sauti ya chini zaidi, "Wa kulia."

Inspekta alitoa simu akapiga kituoni. "Koplo, nenda mahabusu ukamuulize mzee wa viatu swali moja. Boksi lenye nukta nyekundu, ndani kunakaa mguu gani. Usimuulize lingine, usimpe hata salamu. Nasubiri."

Walisubiri wote watatu wakiwa wamesimama katikati ya viatu. Nje mtu alikuwa anaburuta mkokoteni juu ya mawe. Sauti ya koplo iliporudi ilikuwa na kicheko ndani yake.

"Amekasirika, Afande. Anasema, wa kulia, kwani mmesahau hata hilo? Anasema uliokuwa unakaa ndani zamani ndio wa kushoto, enzi za marehemu. Waligeuza lilipofunguliwa duka la ng'ambo. Halafu anauliza nani anafungua madirisha ya stoo, ngozi inaota ukungu."

Inspekta alikata simu. "Mligeuza lini, Mama?"

"Mwaka mmoja na nusu sasa." Mama alikalia ngazi ya kwanza. "Mume wangu alikuwa anatoa nje mguu wa kulia. Lile duka la ng'ambo lilipofunguliwa, wao walitoa wa kushoto, na mzigo wanachukua kulekule tunakochukua sisi. Vijana wa vijiweni wakagundua. Mtu anachukua wa kulia hapa, anavuka barabara, anachukua wa kushoto kule, anakwenda zake na jozi. Wiki moja tulipigwa mara tatu. Nikamwambia Mzee Boksi, na sisi tutoe wa kushoto. Tukageuza yote siku moja."

"Kwa hiyo aliyejaza maboksi haya alikuwa anajua nukta, anajua gunia, anajua hesabu. Lakini alijifunzia kazi hapa kabla ya kugeuza, na hakuwepo mlipogeuza. Mzee Boksi aligeuza kwa mikono yake. Asingekosea hata usingizini." Inspekta alifunga daftari. "Nani alifanya kazi hapa zamani, akaondoka, akarudi?"

 Mama alikuwa akitazama ubao wa MVUA.

"Nitauliza vingine. Siku ya hesabu, nani anakuwa stoo?"

"Mzee Boksi haingii," alisema Mama polepole. "Anayetunza asihesabu. Ndiyo utaratibu. Siku hiyo anabaki nje anapokea mzigo. Mimi nakaa kaunta na daftari, naandika. Anayesoma yuko stoo, nasikia sauti yake. Ngozi, arobaini, sita. Ngozi, arobaini na moja, nne." Aliiga sauti hiyo bila kukusudia, nyembamba, yenye kuvuta mwisho wa maneno, na aliposikia alichokifanya akaweka kiganja mdomoni.

"Utaratibu huo aliuleta nani?"

"Mdogo wangu."

"Tangu lini anasoma?"

"Miezi kumi na moja. Aliolewa, akahamia upande ule wa mji, akakaa miaka mitano hata kuja kusalimia ni shida. Nilipofiwa alianza kuja nyumbani, baadaye na dukani. Akasema, dada, huwezi kumwachia mtu wa nje ajihesabie mwenyewe. Nilimshukuru, Afande. Nililia."

Inspekta aligeuka. "Saizi, sasa tuzungumze kuhusu kifungo cha shaba."

Saizi alikuwa tayari anavua. Alikishika kiatu kwa mikono miwili kama kinamchoma. "Alinipa Mama Mdogo, huyo huyo mdogo wake Mama. Siku ya hesabu, mwezi juzi. Alisema nisimwonyeshe Mama kwa wiki mbili tatu, asije akaona anapendelea. Mama, haki ya watoto wangu, nilijua amenunua. Nimekivaa hapa kila siku! Ningekuwa mwizi ningekivaa hapa?"

Inspekta alikunja ulimi wa kiatu. Ndani mlikuwa na namba ndefu, imepigwa chapa. Alikwenda kwenye yale maboksi, akayapitia lebo zake moja moja, na kwenye la kumi na tisa akasimama.  Alimpa Mama boksi na kiatu, akamwacha alinganishe mwenyewe.

"Siku za hesabu huwa anatoka na nini?"

"Maboksi makubwa yaliyochakaa," alisema Saizi, kwa kuwa Mama alikuwa bado ameikazia macho ile namba. "Anasema atatupa njiani, gari analo. Mimi mwenyewe nimemsaidia kubeba. Nilisema, Mama Mdogo, takataka gani nzito hivi? Akaniambia nile vizuri nipate nguvu."

Mama Mdogo alipigiwa simu, akaambiwa aje kusaini daftari la hesabu. Alifika kabla ya adhuhuri, mwepesi, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, akimbusu dada yake shavu hili na hili.

"Dada, umekula? Tazama ulivyokonda. Shikamoo, Afande. Jamani, bado mnahangaika na yule mzee? Angekiri tu watu wapumzike."

"Marahaba," alisema Inspekta. Mbele yake, juu ya kaunta, lilikuwepo boksi moja lenye nukta, limefungwa. "Mama Mdogo, nisaidie. Mimi sina elimu ya viatu. Humu ndani kuna mguu gani?"

Mama Mdogo alicheka. "Wa kushoto, Afande. Wa kulia uko nje unawaringishia wateja."

Hakuna aliyecheka naye. Saizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, peku.

"Fungua," alisema Mama.

"Nini?"

"Fungua, mdogo wangu."

Alifungua. Kilikuwa cha kulia. Mama Mdogo alikigeuza huku na huku. "Mzee wenu amevichanganya."

Inspekta alisukuma boksi la pili, la tatu, la nne. Cha kulia. Cha kulia. Cha kulia. Ndipo Mama Mdogo alipogeuka kuitazama rafu ya maonyesho, ambayo ameipita kila mwezi kwa miezi kumi na moja, viatu sitini na vinne vya mguu wa kushoto vikielekea mlangoni, akaitazama kama mtu anayesoma barua yenye jina lake.

"Viko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Jozi sita ziko garini." Ile sauti ya kuvuta maneno ilikuwa imeondoka. "Nyingine nimeuza. Ofisini kwa mume wangu, kwa majirani. Sijui."

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni Mama.

"Usiniulize kwa nini kama hujui. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa napiga deki sakafu hii. Likizo zote. Wenzangu wanacheza, mimi napanga maboksi na shemeji."

"Nilikulea."

"Ulinilea, ndiyo! Na kila mgeni aliyeingia ulimwambia umenilea. Mpaka harusini kwangu ulisimama ukasema. Nimechoka kulelewa, dada. Nilichukua changu."

Mama alipokea maneno hayo bila kupepesa. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeulizia saizi: "Na Mzee Boksi alikukosea nini?"

Mama Mdogo alifunika boksi lililokuwa mbele yake. "Hakunikosea," alisema. "Alikuwepo tu."

Koplo alikuja na gari, akamchukua. Hakumfunga pingu. Ilipofika saa nane, Inspekta aliweka karatasi mpya juu ya kaunta na kalamu juu ya karatasi. Mama hakuigusa.

"Afande, nikifuta yale maelezo ya jana, yakaisha?"

"Yaishe vipi?"

"Andika tulihesabu vibaya. Jozi sita nimepata, zilizobaki nimesamehe. Mzee atoke, na huyu naye atoke, sisi wenyewe tutazungumza nyumbani. Hakuna mtu mwingine wa kuzungumza naye, wazazi hawapo, mume wangu hayupo. Yule ndiye niliyebaki naye."

Inspekta alivuta kiti. "Naweza kuandika hivyo. Lakini hesabu ikiwa mbaya, anayeulizwa ni mtunza stoo. Mzee atatoka leo, na mtaani watasema ametoka kwa huruma yako. Atakufa na jina hilo. Nataka ujue unachoniomba."

Mteja alisukuma mlango, akaona sura zao, akarudi alikotoka. Mama alishika kalamu. Aliandika vizuri, kwa haraka, mpaka alipofika kwenye mstari wa mtuhumiwa. Jina la kwanza aliliandika. La pili likamkwamisha, kwa kuwa lilikuwa la baba yao wote wawili, na alikuwa amelisaini yeye mwenyewe jana, juu ya maelezo ya kumshtaki mtu mwingine.  Kisha akaliandika.

Kituoni walimtoa Mzee Boksi saa tisa na nusu, Inspekta akamsimulia yaliyogunduliwa dukani. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, shati limekunjamana lakini limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mapokezi walimrudishia mkanda, miwani, na kamba za viatu zilizokunjwa ndani ya bahasha, kwa sababu mahabusu hawaachiwi kamba. Kabla ya kuzigusa aliomba kitu kimoja.

"Afande, nisomee maelezo ya jana. Yaliyonileta."

"Yameshafutwa, mzee."

"Najua. Nisomee."

Inspekta alisoma. Yalikuwa mafupi. Mimi mwenye duka namshuku mtunza stoo wangu, ndiye mwenye ufunguo, hakuna mwingine. Mzee Boksi alisikiliza huku akikuna kidevu.

"Nilidhani haya ni maneno ya yule mdogo," alisema. "Kumbe ni ya mwenyewe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alisogea. "Mzee wangu. Gari liko nje. Twende."

"Twende wapi, Mama?"

"Dukani. Nyumbani kwanza, ukaoge, ule. Kesho ukitaka. Nimekosa, nisamehe. Walinivuruga akili."

"Ungenionyesha boksi moja," alisema Mzee Boksi. Hakupandisha sauti. "Moja tu. Ningekiona kile kiatu nikakwambia palepale, Mama, huu ni mguu wa kushoto, aliyeuweka humu ni wa enzi za marehemu. Dakika moja. Hukunionyesha. Uliniita mbele, nikafikiri kuna mzigo, nikakuta askari."

Alikaa kwenye benchi, akaanza kupitisha kamba kwenye matundu. Ncha ya kamba ikawa inapita pembeni. Mama alitazama mara mbili, tatu, kisha akapiga magoti pale sakafuni, mbele ya askari na watu waliokuja na shida zao, kama ambavyo amepiga magoti mbele ya miguu ya wageni maisha yake yote, akanyoosha mkono akishike kiatu.

Mzee Boksi alivuta mguu.

"Acha, Mama," alisema. "Mimi si mteja."

Akaendelea kufunga mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Mama alibaki amepiga magoti, mikono juu ya mapaja, mpaka kamba ya pili ilipokazwa. Ndipo mzee aliposimama, akamwambia Inspekta asante, akamwambia Mama kwamba kesho saa mbili atakuja kukabidhi stoo, na kila boksi litafunguliwa mbele ya mashahidi, kisha akatoka akashika njia kwa miguu.